Ndui Kwenye Boneti ya Bluu

Dada yangu anaitwa Kiroboto. Jina la kwenye cheti analo, tena zuri tu, ila hata chuoni kwao wameshalisahau. Mama anasema alianza kuruka akiwa bado tumboni na tangu atoke hajatua. Akiwa darasa la tatu alifungua saa ya ukutani ili aone mshale wa dakika unasukumwa na nani. Darasa la sita alianza kufuma sweta, akamaliza mkono mmoja, akahamia kwenye kinanda cha jirani. Sweta lenyewe lipo mpaka leo, lina mkono mmoja, na nimeshalivaa siku ya baridi nyumba nzima ikanicheka.

"Huyu angekuwa mwoka mikate," Baba hupenda kusema, "tungekula unga mbichi mpaka tuzeeke."

Anasema hivyo huku anatabasamu, maana yeye na Kiroboto ni chanda na pete. Alipokubaliwa chuo cha sanaa, majirani waliuliza ataenda kusomea nini hasa, na Baba akawajibu, "Kumaliza. Wakimfundisha kumaliza, inatosha."

Baba ni fundi wa kupiga rangi magari. Gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu: banda la mabati lililozungushiwa turubai, na sakafu ya zege ambayo humwagiwa maji kabla ya kazi ili vumbi lilale. Anafanya kazi na Anko Betri, jitu la miraba minne linalonyoosha mabati kwa nyundo. Si ndugu yetu wa damu. Aliitwa Betri kwa sababu asubuhi hawaki mpaka asukumwe.

Sheria ya gereji ni moja. Bati likishasuguliwa kwa msasa, Baba hulipangusa kwa kitambaa safi chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, taratibu, kuanzia juu kwenda chini, na kuanzia hapo haligusi mtu. Mama aliwahi kufukuzwa gereji miezi miwili kwa kupita na ufagio wakati mbaya. Sababu yenyewe ni mafuta. Likibaki tone, hata lile linalotoka kwenye ncha ya kidole, rangi inakataa kukaa pale. Inakimbia. Inaacha tundu la duara, na ukingo wa tundu unajikunja kama mdomo wa mtu aliyenuna. Yakiwa mengi, bati zima linafanana na uso wa mtu aliyeugua, ndiyo maana mafundi wanaiita ndui. Fundi akipata ndui hamwonyeshi mtu. Anaikwangua upesi kabla mwenye gari hajafika, na wenzake wakiuliza, anasema alikuwa anajaribu rangi.

Baba alipata ndui mara mbili tu maishani, zote kabla hajaoa. Mpaka Jumamosi ile.

Ilikuwa boneti ya gari la daktari wa meno, rangi ya bluu iliyokolea. Daktari mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anataka kuiona bluu yake ikizaliwa. Mimi nilikuwa barazani nasukwa na Kiroboto, nusu ya kichwa imeshapangika, nusu imesimama kama ufagio. Baba akaita:

"Kiroboto! Njoo unishikie taa!"

Kiroboto aliniacha hivyo hivyo akakimbia, simu yake mfukoni. Siku hizo simu ilikuwa haimtoki. Mwalimu wao wa mwaka wa mwisho, mama mmoja wanayemwita Mwalimu Kwa-nini kwa sababu hilo ndilo swali lake pekee, alikuwa amewapa kazi ya ajabu: kila mtu afanye jaribio ambalo mwisho wake haujui, arekodi yote, na kitakachozaliwa humo kiwe filamu yake ya kumalizia chuo. Kiroboto alikuwa ameshaanza majaribio matatu. La barafu, la kivuli, la mchwa. Hakuna lililofika mwisho, na mwalimu alishamwambia kwamba safari hii asipokabidhi filamu nzima, mwaka atarudia.

Nilimfuata na kichwa changu cha nusu. Baba aliivuta bunduki ya rangi kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja, mara ya pili, bila haraka, na bluu ikalala juu ya bati kama maji ya ndoo yaliyotulia. Halafu katikati pakafunguka tundu. Likafuata jingine. Yalifunguka polepole, moja baada ya jingine, kama macho ya kitu kinachoamka usingizini, na ndani ya kila jicho unaona kijivu cha rangi ya chini. Sijui nisemeje. Lilikuwa jambo baya, na lilikuwa zuri sana kuliangalia. Kiroboto taa mkono mmoja, simu mkono wa pili, alikuwa anarekodi.

"Zima," Baba akasema.

Daktari wa meno akasogea, akainama. Hakuwa na nia mbaya. "Labda ni macho tu, fundi," akasema. "Mimi mwenyewe nimeanza miwani mwaka jana."

Baba akacheka, lile cheko la kumsindikizia mgeni.

Boneti ilikwanguliwa, ikarudiwa, daktari akaondoka na gari lake. Lakini Baba hakuondoka pale. Aliifungua kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye bunduki, akitafuta maji ndani ya hewa. Kavu. Akaifungua tena kesho yake. Akabadilisha mpira, akamwaga tina yote, akaifungua mara ya tatu. Alhamisi tulimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza huku na huku kama kitu alichookota barabarani.

"Basi ni mkono," akasema.

"Mkono wa nani, mzee?" Anko Betri akauliza.

"Wangu. Nilikuwa nawasikia wakubwa wakisema, iko siku unaamka, mkono umestaafu bila kukuaga."

Ana miaka arobaini na tisa! Lakini tangu siku hiyo bunduki ya rangi alimwachia Anko Betri, na yeye akawa mtu wa msasa, kusugua tu kutwa nzima. Mezani alianza kusema "sisi wazee". Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, wakati mimi ndiye huwa namwomba. Na Anko Betri, maskini, si mtu wa rangi.

"Mimi nimezoea nyundo," alilalamika. "Ukinipa kitu laini nakiogopa."

Milango aliyopiga yeye ilikuwa na michirizi, rangi inatiririka kwenda chini kama mtoto aliyenyimwa. Miwili ilirudishwa na wenyewe. Baba aliipokea, akaiegemeza ukutani, akarudi kwenye msasa wake.

Kiroboto naye alikuwa anaitazama video yake. Aliitazama kwenye simu, akaenda kuitazama kwenye kompyuta za chuo, akaipunguza mwendo mpaka tundu moja likawa linachukua dakika nzima kufunguka. Mwalimu Kwa-nini akapita nyuma yake, akasimama.

"Kwa nini matundu yako hapa na siyo pale?"

Kiroboto akainua mabega.

"Katafute."

Akaichapisha picha moja, akaja nayo nyumbani, akaiweka kitandani kwetu. Chumba chetu ni kimoja, kitanda cha juu chake, cha chini changu, kwa hiyo siri hazina pa kulala.

"Hebu hesabu," akaniambia. "Hii mistari ya matundu."

"Minne. Imefuatana."

"Na huu?"

"Mmoja, uko pembeni. Umelala."

Akaufungua mkono wake wa kushoto akauweka kando ya picha. Vidole vinne vimefuatana, kimoja kimelala pembeni.

"Dada," nikasema, "si ulikuwa unanisuka?"

"Nyamaza."

"Ulikuwa na mafuta ya nywele. Uliishika boneti!"

"Nimesema nyamaza wewe."

Akakumbuka yote. Waya wa taa haukufika upande wa pili, akaegemea kidogo tu, kiganja kimoja, sekunde moja, ili autupe waya juu ya kompresa. Baba alikuwa amegeuka anajaza rangi. Ndiyo hivyo. Mkono wa Baba ulikuwa mzima kama jana yake. Uliokosea ni huu wa kwake.

"Twende tukamwambie," nikasema, nikaanza kushuka.

Akanishika shingo ya shati. "Nitamwambia mwenyewe. Filamu ikiisha."

"Kwa nini ikiisha?"

"Kwa sababu akijua nimeshika bati lililopanguswa, gereji nitaisikia kwenye redio. Na bila gereji sina filamu."

Nilimwambia si vizuri. Akasema anajua kuwa si vizuri. Na hapo ndipo Kiroboto, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi, akatua. Kwa wiki sita alifanya jambo moja tu, kwa nguvu zote, kama mtu anayekimbia kitu kilichomo ndani ya viatu vyake mwenyewe.

Alikusanya vipande vya mabati chakavu, akavipanga nyuma ya gereji. Alichora juu yake kwa mafuta, kwa kidole, kwa kijiti cha kiberiti, kwa kitana, halafu akamwomba Anko Betri apulizie rangi kidogo baada ya saa za kazi. Kila kitu aliandika. Mafuta ya nywele yanatoa matundu madogo yenye midomo laini. Grisi inatoa mapana, yanayomezana. Mshumaa unatoa nyufa ndefu. Aliazima kioo cha kukuzia cha fundi saa, akakibandika kwenye kamera ya simu kwa gundi ya karatasi, akarekodi kwa karibu sana mpaka huoni tena bati wala rangi. Unaona nchi. Ziwa linafunguka katikati ya jangwa, bonde linapasuka, mwezi mzima unachomoza kutoka kwenye mafuta ya kupikia.

"Hapa anapita mtu," akaniambia siku moja. "Lazima apite mtu."

Mtu mwenyewe akawa Anko Betri. Kiroboto alitundika shuka la kijani ukutani ("La wageni!" Mama alipiga kelele, "mbona hamchukui la kwenu?") na kumweleza: utatembea papo hapo mbele ya shuka, mimi nitakurekodi, kisha nitaiambia kompyuta ifute kila kilicho cha kijani na kuweka nchi yangu ya rangi mahali pake. Itaonekana unatembea huko. Anko Betri akasema hayo ni mambo madogo, akaenda kunawa uso, akatembea kwa robo saa akitoa jasho na kuangalia mbali kama shujaa.

Jioni tukaitazama wote kwenye kompyuta ya kuazima. Nchi ya bluu, maziwa yanafunguka, na katikati yake kinakuja kichwa. Kichwa tu, na mikono miwili, inaelea. Anko Betri alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi. Ya kijani.

"Mwili wangu umeenda wapi?" akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Kompyuta imeula, anko."

"Na hiki kitambi chote? Imekila chote?"

"Shemeji, iombe na mimi inipunguzie," Mama akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Hata Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mpita njia, alitikisika mabega.

Kiroboto peke yake hakucheka sana. Alikuwa ameganda anaitazama ile mikono ikitembea yenyewe. Kesho yake hadithi ilikuwa imeshapatikana: mtu anaamka asubuhi, mkono wake umeondoka, umetembea zake. Anaufuata katika nchi ya matundu, anauita, hauitiki. Alimtafutia Anko Betri nguo za kahawia za mtembezi, akamvika soksi ya kijani mkono wa kulia ili ufutike, kisha akamrudisha kwenye ovaroli yake, kichwa na mkono wa pili vimefungwa vitambaa vya kijani, kurekodi ule mkono ukiwa peke yake. Ikawa filamu. Mimi nilijua ni mkono wa nani unaotafutwa, nikawa siwezi kuitazama Baba akiwa karibu.

Ikabaki picha ya mwisho. Mtu anafika ukingoni, amechoka, na sisi tunapanda juu, juu zaidi, mpaka tunaiona nchi nzima kwa mara moja, na matundu yote aliyopita yanaonekana kumbe yamejipanga kuwa kiganja kimoja kikubwa kilichofunguliwa. Alikuwa akitembea juu ya mkono wake muda wote. Kwa picha hiyo lilitakiwa paa zima la gari, tulilolipata kwa muuza vyuma chakavu, nayo rangi ipigwe kwa mkupuo mmoja, nyembamba, sawasawa kila mahali, kwa sababu matundu yanafunguka ndani ya sekunde chache na hayasubiri. Anko Betri alijaribia kwenye milango mitatu. Yote ililia.

"Hii ni kazi ya mzee," akasema, akaiweka bunduki chini. "Hapa mjini hakuna mwingine."

"Mzee hashiki bunduki."

"Mwombe."

"Nimwombe apige rangi juu ya mafuta? Kwa makusudi? Si bora nimwombe mpishi atie mchanga!"

Ilikuwa Jumanne, na filamu ilitakiwa Ijumaa. Usiku huo, wakati tunaosha vyombo, Mama alisimama nyuma yetu amejishika kiuno.

"Nyinyi wawili mna jambo," akasema. "Tangu lini watoto wangu wanaosha vyombo bila kutumwa?" Tukazidi kusugua sufuria. "Haya. Mficha uchi hazai." Akaenda zake.

Jumatano mchana Kiroboto akapiga moyo konde. Baba alikuwa anasugua mlango, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Anko Betri alikuwa pembeni na nyundo yake. Mimi nilibaki kwenye turubai.

"Baba, nataka unipigie rangi paa."

"Mwambie Betri."

"Betri analiza milango."

"Mimi niko hapa nasikia," akasema Anko Betri.

"Mwanangu," Baba akasema, wala hakuinua macho, "mkono wangu hauna kazi hiyo tena. Nimeshasema."

Kiroboto akaiweka ile picha juu ya mlango, mbele yake, na kando ya picha akaweka kiganja chake.

"Siku ile nilikuwa namsuka huyu. Nilikuwa na mafuta. Ulipogeuka kujaza rangi, waya haukufika, nikaegemea boneti. Sikunawa, Baba. Nimejua muda mrefu."

Msasa ukasimama. Baba akaivua barakoa yake ya vumbi, akajipangusa vidole kimoja kimoja, akaichukua picha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Halafu akaushika mkono wa Kiroboto, akaugeuza juu chini, akaulinganisha.

"Muda mrefu gani?"

"Wiki sita."

"Kompresa nimeifungua mara tatu."

"Najua."

"Nimeenda kupima macho." Hilo hatukulijua. Hata Mama hakulijua. "Daktari akasema nina macho ya kijana. Nikamwona daktari hajui kazi."

Anko Betri akatoa kicheko puani, akakigeuza kikohozi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanifukuza gereji kabla sijamaliza." Kiroboto akaitazama ile picha. "Halafu kila siku filamu ikawa inazidi kuwa nzuri. Nikazidi kunyamaza."

Baba aliirudisha picha mahali pake, taratibu sana, akatoka getini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Mama alimwona kutoka dirishani akiuzunguka mtaa wetu, mara mbili, anaongea peke yake na kurusha mikono. Chakula alikula, maji aliomba, lakini hakumtazama Kiroboto, na Kiroboto alilia akiwa kitanda cha juu mpaka kitanda changu kikawa kinatikisika.

Asubuhi tuko jikoni tunakunywa chai tukasikia kompresa. Nikamtazama Anko Betri. Alikuwa mezani petu, na kikombe mkononi, hata hajawaka. Kama yeye yuko hapa, basi huko ni nani? Mama aliweka sufuria chini polepole kama mtu aliyeona ndege dirishani na hataki aruke. Tulisikia ule mlio wa hewa, *fsss*, kwenda, na kurudi, na kwenda. Kisha kimya.

"Njooni muone," Baba akaita.

Alikuwa ameuchukua mmoja wa ile milango iliyorudishwa, ameukwangua, ameupangusa, ameupiga rangi. Nyekundu. Tulisimama mbele yake tukajiona wote wanne, nyuso zetu, na bati la dari, na hata mvuke wa kikombe cha Anko Betri. Baba hakuwa anautazama mlango. Alikuwa ameuinua mkono wake wa kulia na kuutazama, anafunga na kufungua vidole. Mama akamshika mgongoni.

"Umenipotezea wiki sita, Kiroboto," Baba akasema hatimaye.

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Siyo leo. Leo tuna kazi. Paa liko wapi?"

Paa lilikuwa tayari limewekwa juu ya mapipa mawili, limechorwa kiganja kikubwa kwa mafuta, huwezi kukiona mpaka uiname. Kiroboto akapanda ngazi na kamera. Anko Betri akashika taa, amevaa glavu mpya mikono yote miwili na ameapa hatapumua. Baba akainua bunduki. Akaishusha. Akainua tena.

"Unakataa," akasema. "Kila nikitaka kubonyeza, mkono unaniambia pangusa kwanza."

"Miaka ishirini na sita, mzee," Anko Betri akasema. "Huwezi kuusomesha tabia mbaya kwa siku moja."

Baba akainama, akakitazama kile kiganja cha mafuta kwa muda mrefu, kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Kidole gumba umekikosea. Kimekaa kama kimevunjika."

"Kirekebishe," akasema Kiroboto kutoka juu.

Nikamwona Baba, ambaye hakuwahi kuliacha bati hata na alama ya ukucha, anachovya kidole kwenye kopo la mafuta na kukivuta taratibu juu ya bati safi. Akachora kidole gumba upya, na kwenye kiganja akaongeza mistari mitatu ya kiganja chake mwenyewe. Akanawa, akajifuta, akarudi.

"Sasa kosa ni langu," akasema. "La kwangu naliweza. Tayari?"

"Tayari."

Alikwenda na kurudi mara nne, mkono umenyooka, magoti yanafuata. Bluu ikalala. Tukasubiri. Nilihesabu mpaka saba, na pale penye kidole gumba pakafunguka jicho la kwanza, halafu mkono wote ukaanza kuamka, tundu kwa tundu, mpaka kwenye ile mistari mitatu. Anko Betri alikuwa bado hajapumua.

Ijumaa filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa chuo. Dakika nne na sekunde ishirini. Wanafunzi walikaa mbele, wazazi nyuma, na katikati walikaa mafundi sita wa gereji za jirani ambao Anko Betri aliwaalika kuja kumwona akiwa shujaa. Walikuja na ovaroli zilizofuliwa. Tundu la kwanza lilipofunguka kwenye skrini, mmoja wao hakuweza kujizuia.

"Ndui hiyo!"

"Kaa chini wewe, ni sinema."

"Sinema gani? Hiyo ni ndui, tena ya mafuta!"

Ukumbi ukacheka. Nikamtazama Baba. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Lakini kadiri mtembezi alivyozidi kwenda, wale mafundi walinyamaza mmoja mmoja, na picha ilipopanda juu na kile kiganja kikaonekana chote, nilisikia yule yule wa ndui akisema polepole, "Lakini amepiga nani hiyo rangi? Angalia ilivyolala."

Taa zilipowashwa, Mwalimu Kwa-nini alisimama na miwani yake puani. Bila shaka mnajua aliuliza nini.

"Kwa nini mkono?"

Kiroboto alifungua mdomo, ukakataa. Akajaribu tena. Na huku nyuma Baba akainuka.

"Samahani, mwalimu. Niruhusu," akasema, na kabla hajaruhusiwa akaanza. Akaeleza ndui ni nini. Akaeleza kupangusa, kutoka juu kwenda chini. Akaeleza boneti, waya mfupi, mafuta ya nywele, kompresa mara tatu, mpaka kupima macho. Mama alikuwa anamvuta shati, yeye anaendelea. "Kosa lilikuwa la mtoto," akamalizia, akiwageukia wale mafundi sita, kila mmoja kwa zamu yake. "Mimi nikadhani ni la mkono wangu. Ile ya mwisho mliyoiona, ile nimeipiga mimi. Kwa makusudi."

Mafundi ndio walioanza kupiga makofi. Kiroboto alikuja mbio huku nyuma, akaficha uso kwenye bega langu, akawa hacheki wala halii, anafanya vyote viwili. Mwalimu Kwa-nini aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja, akamwambia filamu imepita na kwamba ataituma ikaonekane kwenye vyuo vingine, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo hakuuliza swali la pili.

Tulipokuwa tunatoka, Baba hakuonekana. Tukarudi kumtafuta. Alikuwa amebaki ukumbini, uso karibu na ukuta, jicho moja amelifumba, anapitisha kidole gumba juu ya rangi. Mwalimu alikuwa amesimama kando yake.

"Huu ukuta nani kaupaka?" Baba alikuwa anauliza.

"Sijui, mzee wangu. Chuo kiliita mtu."

"Hakupangusa vumbi." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Jumatatu nina nafasi."